Lau Angaliulizwa: Kweli, Uongo na Kitendawili cha Chembe Pacha

Mfungamano wa kwanta ni hali ambayo chembe mbili zilizozaliwa pamoja, au zilizowahi kukutana na kuathiriana, haziwezi tena kuelezwa moja moja hata zikitenganishwa kwa mamia ya kilomita. Habari kamili iliyopo ni ya jozi; ya kila chembe peke yake haipo. Tangu mwaka 1935 hali hiyo imezaa vitendawili ambavyo hesabu zake hazina ubishi, lakini maana yake bado inagombaniwa. Mzizi wa ugomvi uko kwenye mantiki: kauli zipi kuhusu chembe zinastahili kuitwa kweli au uongo, na zipi hazistahili hukumu yoyote. Zenye matata kuliko zote ni zile ambazo Kiswahili kimeziundia viambishi vyake, -nge- na -ngali-.

Litangulie jambo la kawaida. Muuzaji wa mabuti ya mvua sokoni Makambako anachukua jozi moja, anatumbukiza buti moja kwenye kiroba kimoja na la pili kwenye kingine, gizani, kisha anavifunga vyote viwili kwa kamba. Kiroba kimoja kinapakiwa kwenye basi la Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi. Cha pili kinabaki. Anayefungua kile cha Njombe na kukuta buti la kushoto anajua papo hapo kwamba la Makambako ni la kulia. Hakuna habari iliyolipita basi mbio, na hakuna kitendawili. Kauli "buti lililobaki Makambako ni la kulia" ilikuwa kweli tangu kamba ilipofungwa. Kilichobadilika Njombe ni ujuzi wa mtu. Buti lenyewe halikushtuka.

John Bell, mwanafizikia wa Ireland Kaskazini aliyefanya kazi katika maabara ya CERN, Geneva, aliueleza mfano wa namna hiyo kwa soksi mwaka 1981. Mwenzake Reinhold Bertlmann wa Vienna alikuwa na desturi ya kuvaa soksi za rangi mbili tofauti, kwa hiyo aliyeuona mguu mmoja una soksi ya waridi alijua, kabla ya kuuona wa pili, kwamba huo hauna waridi. Swali la Bell lilikuwa kama chembe zilizofungamana ni soksi za Bertlmann tu zilizovishwa lugha ngumu.

Albert Einstein alitamani jibu liwe ndiyo. Mwezi Mei 1935, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, alichapisha makala iliyodai kwamba ikiwa jibu la kipimo cha upande mmoja linaweza kutabiriwa kwa uhakika bila kuugusa upande huo, basi lazima huko kuwe na kitu kilichokwisha kuwapo, kinacholifanya jibu hilo kuwa kweli. Nadharia ya kwanta haikitaji kitu hicho. Kwa hiyo, wakasema, nadharia haijakamilika: kuna kiroba, na ndani yake kuna buti, ila vitabu havijaandika. Erwin Schrödinger ndiye aliyeupa mfungamano jina lake la Kijerumani mwaka huohuo. Niels Bohr naye alijibu kabla mwaka haujaisha, jibu ambalo wengi wamelisoma mara mbili na kutoka na maana mbili.

Mantiki iliyorithiwa kutoka kwa Aristotle inasema kila kauli ama ni kweli ama ni uongo. Aristotle mwenyewe alisita mahali pamoja, kwenye kauli za kesho, na mfano wake ulikuwa vita vya baharini. Njombe, kwenye nyanda zinazokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mfano ungekuwa umande: "kesho alfajiri umande utaganda mashambani Kibena." Je, jioni ya leo kauli hiyo tayari ni kweli au tayari ni uongo, au bado haijawa chochote? Juu ya kesho inawezekana kusita. Juu ya kiroba kilichokwisha kufungwa hakuna aliyesita, mpaka kwanta ilipokuja.

Lenzi tatu za miwani

Maswali wanayoulizwa "mashahidi" wa kwanta, yaani chembe zenyewe, yanaweza kushuhudiwa kwa miwani ya jua, mradi iwe ya aina ya polaroidi inayokata mng'ao. Zikishikwa lenzi mbili moja mbele ya nyingine na ya pili ikazungushwa taratibu, mwanga hufifia, na zikifika pembe mraba huzimika. Hapo ichukuliwe lenzi ya tatu na kuchomekwa katikati yao, imelazwa mshazari, nyuzi 45. Mwanga unarudi. Kizuizi kimeongezwa na mwanga umeongezeka. Lenzi zikiwa safi kabisa, robo ya mwanga uliopita ile ya kwanza hutokeza upande wa pili.

Kila lenzi inaiuliza fotoni, yaani chembe ya mwanga, swali moja la ndiyo au hapana. Ya kwanza inauliza: unatetema wima? Fotoni inayopita imejibu ndiyo, na ikiulizwa hilohilo mara kumi itajibu ndiyo mara kumi. Ikiulizwa "unatetema mshazari?" inajibu kwa bahati, nusu kwa nusu, na ikishajibu ndiyo, jibu lake la zamani kuhusu wima limefutika: sasa ikiulizwa "unatetema mlalo?", swali ambalo dakika moja nyuma lingepata hapana ya uhakika, nusu zinakubali. Kauli "fotoni hii inatetema wima" ilikuwa kweli baada ya lenzi ya kwanza na si kweli tena baada ya ya pili. Hadi hapa mtu mwenye akili timamu bado anaweza kusema kwamba lenzi ni korofi na inaivuruga fotoni. Ndiyo maana jozi inahitajika: upande mmoja ukiulizwa, upande wa pili haujaguswa na mtu.

Kulwa Njombe, Doto Makambako

Wachukuliwe mapacha. Kulwa amewekwa kwenye chumba Njombe, Doto kwenye chumba Makambako, na kila mmoja ana karani wake. Kuna maswali matatu ya ndiyo au hapana: je, unakunywa ulanzi? Je, umewahi kupanda treni ya TAZARA? Je, unaipenda baridi? Kila karani anarusha dadu dakika ya mwisho kuchagua moja, bila kujua mwenzake kachagua lipi, na anaandika jibu kwenye daftari lake. Kila siku huletwa jozi mpya ya mapacha. Baada ya miezi mingi madaftari yanafunguliwa meza moja, na mambo mawili yanaonekana. La kwanza: kila mara mapacha walipoangukiwa na swali lilelile, majibu yalikuwa sawa, bila kukosea hata siku moja. La pili: walipoangukiwa na maswali tofauti, majibu yalilingana mara moja tu katika nne.

La kwanza linaelezeka kirahisi. Mapacha walikubaliana asubuhi, kila mmoja akaweka mfukoni nakala ya karatasi moja yenye majibu matatu. Maelezo mengine ni vigumu kuyapata, kwa sababu mwanga wenyewe huhitaji kiasi cha sekunde 0.0002 kutoka Njombe hadi Makambako, na tuseme majibu yanatolewa kabla muda huo haujapita. Binadamu hawezi, fotoni zinaweza.

Sasa ihesabiwe karatasi yenyewe. Majibu ni matatu na aina za majibu ni mbili tu, hivyo lazima angalau mawili yafanane. Karatasi ikisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, maswali tofauti yatapata majibu yanayolingana kila mara. Ikisema ndiyo, ndiyo, hapana, basi swali la 1 na la 2 yanalingana, la 1 na la 3 hayalingani, la 2 na la 3 hayalingani: moja katika tatu. Karatasi nyingine zote ni za sura hizo mbili. Hakuna karatasi, iandikwe na nani, iwezayo kushusha ulinganifu chini ya moja katika tatu. Madaftari yanasema moja katika nne.

Fotoni zilizofungamana hufanya hivyo hasa. Lenzi zikiwekwa kwenye nyuzi 0, 60 na 120, nadharia inatabiri kwamba ulinganifu ni mraba wa kosaini ya pembe iliyopo kati ya lenzi hizo mbili: kwa pembe sifuri ni 1, kwa nyuzi 60 ni robo kamili. Bell aliionyesha tofauti ya aina hii mwaka 1964, na mfano wa maswali matatu umetokana na kifaa cha kufikirika alichokibuni David Mermin wa Chuo Kikuu cha Cornell katika miaka ya 1980.

Mantiki imejificha kwenye karatasi. Siku ile Kulwa aliulizwa juu ya ulanzi tu. Ya treni na ya baridi hakuulizwa, na mapacha wale hawatarudi. Hata hivyo hesabu ya moja katika tatu inategemea yote matatu kuwa yamekwisha kuandikwa. Inategemea kauli "lau Kulwa angaliulizwa juu ya treni, angalijibu hapana" iwe ama kweli ama uongo, ingawa hakuna aliyeuliza wala atakayeuliza. Asher Peres, mwanafizikia wa Israel, aliandika mwaka 1978 makala nzima kushikilia kwamba jaribio lisilofanywa halina matokeo, na hivyo kauli ya namna hiyo haina haki ya kuingizwa kwenye hesabu.

Sayansi ya kila siku inazitumia kauli hizi bila wasiwasi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba mkoani Tanga, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopoozwa. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wao Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Jambo alilolidai Mpemba kimsingi ni la -ngali-: lau maji haya yangaliingia ya baridi, yangalichelewa. Lakini aliweza kuweka vyombo viwili, kimoja cha moto na kimoja cha baridi, kutoka ndoo moja, na ndoo moja inatosha kuifanya -ngali- ijibiwe na chombo cha pili. Kwa jozi za kwanta hakuna ndoo. Jozi ya leo na jozi ya kesho zimetengenezwa kwa namna moja isiyo na tofauti yoyote inayojulikana, na bado moja hujibu ndiyo na nyingine hapana.

Njia panda ya Makambako

Hoja ya Bell ina takwimu ndani yake, na takwimu huwapa wabishi pa kujifichia. Mwaka 1989 Daniel Greenberger, Michael Horne na Anton Zeilinger walitoa hoja isiyo na takwimu kabisa, kwa kutumia chembe zaidi ya mbili; sura yake iliyo rahisi zaidi hutumia tatu. Makambako inaifaa hoja hiyo kwa umbo lake: hapo zinakutana barabara ya Iringa, ya Mbeya na ya Njombe kuelekea Songea. Chanzo kiwe Makambako, na kila barabara ipelekewe chembe moja. Njombe, Iringa na Mbeya kila kituo kinachagua kati ya maswali mawili tu, A au B, na kupata ndiyo au hapana.

Kanuni ya kwanza inayotokana na nadharia: kituo kimoja kikiuliza A na viwili B, idadi ya hapana huwa shufwa daima, yaani hakuna kabisa au ziko mbili. Ichukuliwe kwamba kila chembe imeondoka Makambako na karatasi yake ya majibu ya A na B. Kuna njia tatu za kupanga kituo kimoja A na viwili B, kutegemea A imeangukia wapi. Zikijumlishwa hapana za mipango yote mitatu, jumla ni shufwa, kwa kuwa shufwa tatu zikijumlishwa hubaki shufwa. Lakini katika jumla hiyo kila jibu la B limehesabiwa mara mbili, na jibu la A la kila kituo mara moja. Zikiondolewa B, ambazo kwa kurudiwa mara mbili ni shufwa vyovyote zilivyo, zinabaki A tatu, na hapana zake lazima ziwe shufwa.

Nadharia inasema vituo vyote vitatu vikiuliza A, hapana huwa witiri daima: moja, au tatu. Si mara nyingi, si kwa wastani, kila mara. Karatasi zinasema shufwa, chembe zinajibu witiri, na siku moja tu inatosha kuona mgongano. Timu ya Zeilinger, akiwemo Jian-Wei Pan, ilichapisha matokeo ya maabara mwaka 2000, na chembe zilishika upande wa witiri kwa kadiri vyombo vilivyoruhusu. Kati ya hoja zote za uwanja huu hii ndiyo nzuri kuliko zote. Mtoto anayejua shufwa na witiri anaweza kuifuata hadi mwisho, na hakuna hatua ambayo mtu mzima anaweza kuikwepa isipokuwa ile ya kwanza, ya karatasi.

Mtu wa mantiki aliyeiona hatua hiyo mapema zaidi ni Ernst Specker wa Zurich. Makala yake ya mwaka 1960 ilihusu kauli ambazo haziwezi kuamuliwa kwa wakati mmoja, na humo alikumbusha swali la wanateolojia wa Kikristo wa zama za kati: je, ujuzi wa Mungu unafikia hata mambo ambayo yangalitokea, lau lingalitokea jambo ambalo halikutokea? Madrasa za mwambao wa Afrika Mashariki nazo zinalijua swali hilo, na itikadi ya Kiislamu inajibu kwamba Mungu anajua hata lisilokuwa, lau lingalikuwa lingalikuwaje. Neno "lau" lenyewe Kiswahili kimelitoa kwenye Kiarabu. Specker hakuamua jambo la dini. Yeye na Simon Kochen walithibitisha mwaka 1967 jambo finyu zaidi na gumu zaidi: kwamba kuna mielekeo 117 ya kupimia chembe moja, isiyoweza kugawiwa ndiyo na hapana bila kuvunja kanuni ambayo kila kipimo halisi huitii, ikiwa kila mwelekeo utabaki na jibu moja bila kujali umepimwa pamoja na upi. Ugumu hauko kwenye kuijaza karatasi. Karatasi ya namna hiyo haiwezi kuandikwa. Mwaka 1996 Adán Cabello na wenzake walipunguza idadi hadi 18, kwa mfumo wa dimensheni nne.

Milango ya kutokea

Mlango wa kwanza kupendekezwa ulikuwa kuongeza thamani ya tatu. Jan Łukasiewicz wa Poland alikwisha kuibuni mwaka 1920, kwa ajili ya kauli za kesho, mantiki yenye kweli, uongo na ya katikati. Hans Reichenbach aliipeleka kwenye kwanta mwaka 1944: kauli juu ya jambo lisilopimwa ipewe hukumu ya "haijaamuliwa". Hukumu hiyo isichanganywe na "sijui" au "huenda" ya mazungumzo, ambayo humhusu msemaji. Hii inaihusu chembe yenyewe. Ikikubaliwa, karatasi ya Kulwa ina jibu moja na nafasi mbili tupu, na hesabu ya moja katika tatu haianzi. Lakini yapo malipo. Kama nafasi zilikuwa tupu Njombe na tupu Makambako, ni nini kilichozijaza kwa jibu lilelile kila swali lilipofanana? Thamani ya tatu inazuia kitendawili kisitamkwe, halafu inaliacha jambo lenyewe pale pale.

Garrett Birkhoff na John von Neumann walikuwa wamegusa mahali pengine mwaka 1936. Mantiki ya kawaida inasema abiria aliye stendi ya Makambako na anayekwenda ama Njombe ama Mbeya, basi ama yuko Makambako na anakwenda Njombe, ama yuko Makambako na anakwenda Mbeya. Ni kanuni ambayo hakuna anayefikiri kwamba inahitaji kutetewa. Kwa fotoni iliyopita lenzi ya wima inavunjika. Katika mantiki yao kauli "inatetema wima, na inatetema mshazari wa kulia au wa kushoto" ni kweli, kwa kuwa mishazari miwili hiyo inamaliza uwezekano wote. Ila "wima na mshazari wa kulia" haiwezi kuwa kweli, na "wima na mshazari wa kushoto" vilevile. "Au" imekuwa kweli bila kuwa na upande wowote ulio kweli. Mwanafalsafa Hilary Putnam alijenga juu ya hapo mwaka 1968 na kudai kwamba mantiki, kama jiometria, inaweza kusahihishwa na vipimo. Baadaye aliliacha dai hilo. Udhaifu wake ni kwamba watu waliotumia "au" mpya kwenye fotoni waliendelea kubishana juu yake kwa "au" ya zamani.

Wengine waliiacha mantiki ilivyo na kulipia kwingine. David Bohm, mwaka 1952, aliipa kila chembe mahali pake pa hakika wakati wote. Kauli zote juu ya mahali zina ukweli wake, ila kipimo cha Njombe huigusa chembe ya Makambako papo hapo, bila kungoja mwanga. Bell aliipenda nadharia hiyo kwa uwazi wake, na ni kwa kujiuliza kama mguso huo unaepukika ndipo alipofika kwenye hoja yake ya 1964. Mguso huo hautumi ujumbe: daftari la Njombe peke yake ni ndiyo na hapana zilizochanganyika kama kete, na ulinganifu huonekana pale tu madaftari mawili yanapokutana mezani, baada ya kusafirishwa kwa basi au simu kama kitu kingine chochote. Hugh Everett, mwaka 1957, alitoka kwa mlango mwingine: majibu yote mawili yanatokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu, na swali "jibu lilikuwa lipi?" linakosa jibu moja.

Upo pia mkondo unaosema kweli ni kweli kwa mtu fulani. Msingi wake ni kisa alichokitunga Eugene Wigner mwaka 1961. Rafiki amefungiwa chumbani Makambako, amepima, ameandika "ndiyo". Kwa aliye nje, chumba kizima, rafiki na daftari lake, bado kimo kwenye mfungamano, na kauli "rafiki ameandika ndiyo" haina hukumu. Mwaka 2018 Daniela Frauchiger na Renato Renner wa Zurich walionyesha kwamba mambo matatu hayawezi kusimama pamoja: kwamba nadharia ya kwanta inakihusu kila kitu, wapimaji wakiwemo, kwamba analolijua kwa yakini mpimaji mwenye kufuata nadharia hiyohiyo, mwingine anaweza kulichukua kuwa ni kweli, na kwamba kipimo kimoja kina jibu moja. Bohm, Everett na wafuasi wa kweli-kwa-mtu wanatofautiana juu ya lipi kati ya hayo liachwe, na hadi sasa hakuna jaribio lililowaamua.

Kimya nacho ni jibu

Maabara zilianza kujibu kwa upande wa jozi mwaka 1972, pale Stuart Freedman na John Clauser walipopima fotoni huko Berkeley, Marekani. Alain Aspect na wenzake walifuata Orsay, Ufaransa, mwaka 1981 na 1982, safari ya mwisho wakibadilisha lenzi wakati fotoni zikiwa njiani. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Umbali uliongezeka: mita 400 Innsbruck mwaka 1998, kilomita 144 kati ya visiwa viwili vya Canary mwaka 2007, na zaidi ya kilomita 1,200 kwa setilaiti ya China iitwayo Micius mwaka 2017.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, mashahidi wengi hawakujibu kabisa. Fotoni zilipotea njiani au zilipita kwenye kipokezi bila kuonekana, na watafiti walihesabu waliojibu tu, wakidhani kwamba waliokaa kimya wangalijibu kama wenzao. Hiyo nayo ni -ngali-, imeingia kwa mlango wa nyuma. Mapacha wenye karatasi yenye aina tatu za majibu, ndiyo, hapana na kimya, wanaweza kuiigiza ile moja katika nne bila kwanta yoyote: wanyamaze tu kila swali linapoelekea kuwaumbua. Philippe Eberhard alionyesha mwaka 1993 kwamba vipokezi vikinasa zaidi ya theluthi mbili za chembe, ujanja huo unaweza kubanwa.

Ujanja huo ulizibwa kwa mashahidi walio mbali vya kutosha mwaka 2015, Delft, Uholanzi, na katika mwaka huohuo Vienna na Boulder. Delft walitumia elektroni zilizonaswa ndani ya almasi mbili zilizo mita 1,280 mbali. Elektroni hazikusafiri. Kila moja ilitoa fotoni, fotoni hizo zikakutana kwenye kituo cha tatu, na kukutana kwao kulipotoa ishara sahihi elektroni zilihesabika kuwa zimefungamana. Fotoni iliyopotea njiani haikuwa shahidi aliyenyamaza. Kikao hakikuwa kimeitishwa. Kipimo walichokitumia, kilichotungwa mwaka 1969 na Clauser, Horne, Shimony na Holt, kina kikomo cha 2 kwa kila aina ya karatasi, na nadharia ya kwanta inaruhusu hadi 2.83. Delft walipata 2.42, kwa vikao 245 vilivyopatikana katika saa 220 za kupima, kwa wastani kikao kimoja na kidogo kwa saa.

Kwa Njombe na Makambako hesabu ingekuwa nzito zaidi. Waya wa kawaida wa kioo hupoteza mwanga kwa kiasi ambacho, kwa kilomita 60, fotoni 100 zikiingia hutoka 6 hivi. Chanzo kikiwekwa katikati ya njia, kila upande hupokea fotoni moja katika nne, na jozi inayofika nzima ni zilezile 6 katika 100. Karani wa Njombe angeandika kimya mara tatu kwa kila jibu moja, chini sana ya theluthi mbili za Eberhard, na daftari lake lisingeweza kumshinda mwenye karatasi. Kinachowezekana kwa umbali huo ni kufanya kama Delft: mashahidi wabaki kila mmoja mahali pake, fotoni zitangulie kukutana njiani, na maswali yaulizwe baada ya ishara kufika.